Mstari Mwekundu chini ya Majina Yetu

Wenzangu wengi kitivoni huniuliza mwanafunzi wa isimu anatafuta nini kila Jumamosi katika chumba kilichojaa bisibisi, nyaya na vumbi. Swali lao ni la haki. Mimi nasoma lugha za Kiafrika. Nimefundishwa kuhesabu ngeli, si volti. Lakini huu ni mwaka wa pili niko pamoja na vijana wanaojitolea kutengeneza kompyuta za msaada, zile zinazotoka Ulaya zikiwa zimechoka, ili ziende kwenye shule ndogo za vijijini nje ya Lubumbashi. Katika kurasa hizi nataka kujibu swali hilo, kwa sababu naona jibu lake linaihusu idara yetu kuliko wengi wanavyodhani.

Nianze na kazi yenyewe. Kompyuta nyingi tunazopokea hazikutolewa kwa sababu zimekufa. Zimetolewa kwa sababu programu inayoziendesha imefikia mwisho wa kutunzwa na waliyoitengeneza. Windows 7 iliacha kutunzwa tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai prosesa ya miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na mashine nyingi nzuri za kabla ya mwaka 2018 zinaanguka kwenye mtihani huo. Basi ofisi fulani huko Ubelgiji au Uingereza hununua mpya, na ile ya zamani, ambayo bado ina nguvu ya kufanya kazi miaka mingine mingi, hutafutiwa pa kwenda.

Hata hivyo, msaada na taka husafiri katika kontena moja. Mwaka 1991 nchi za Afrika zilipitisha Mkataba wa Bamako ili taka za sumu kutoka nje zisiingizwe barani mwetu. Mkataba umeandikwa kwenye karatasi. Katika chumba chetu mpaka kati ya zawadi na taka unachorwa kwa mikono. Mashine isiyoweza kupona, wala kuazimisha mwenzake kipuri hata kimoja, si zawadi. Ni takataka iliyofungwa vizuri.

Anayetuongoza ni kijana wa mwaka wa mwisho katika kitivo cha ufundi. Sisi sote tunamwita Yaya, kwa kuwa ametutangulia. Yaya hana haraka. Kwanza tunapuliza vumbi. Kisha tunatazama kondensa kwenye bamba kuu: kondensa nzima ina kichwa bapa, iliyokufa imevimba kama tumbo la mtoto mwenye minyoo. Bareti za memori tunazitoa na kusugua meno yake kwa kifutio cha penseli, na mara nyingi mashine iliyokuwa ikilia tu bila kuonyesha picha inafufuka kwa kifutio hicho cha faranga mia chache. Kisha tunabadilisha betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, ambayo huitunzia kompyuta saa yake hata umeme ukikatika. Betri hiyo ikiisha, kila asubuhi mashine huamka ikidhani imerudi miaka mingi nyuma. Mwisho tunashughulikia diski. Barua, picha na hesabu za wenyewe wa zamani tunazifuta kwa kuandika juu yake upya, maana kufuta kwa kubonyeza tu hakuondoi kitu. Huondoa jina lake kwenye orodha, na kitu chenyewe hubaki.

Lubumbashi ni mji wa shaba, na hakuna anayefungua mashine hizi hapa bila kuliona jambo hilo. Nyaya zake ni za shaba. Ndani ya betri za kompyuta za mkononi mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Yaya hupenda kusema, “Hii mashini haikukuya, inarudia.” Tunacheka, lakini kuna ukweli ndani yake. Ila imerudi ikisema lugha nyingine, na hapo ndipo kazi yangu inapoanzia.

Lugha ya chumba chetu ingempa kazi mwalimu yeyote wa mofolojia. Tunasema *ba-ordinateur*, tukiweka *ba-* mbele ya jina la Kifaransa. Kiswahili sanifu hakina *ba-* hiyo, kina *wa-*. Lakini mwenye Kiluba au Kibemba huitambua kama ndugu aliyelala naye chumba kimoja. Tunasema *fungula*, hatusemi *fungua*. Tunasema *mu* na *ku* kabla ya jina pale ambapo kitabu cha sarufi kinataka *-ni* mwishoni. Kifaransa, Kiswahili na lugha za nyumbani vinapita mkononi pamoja na bisibisi, na hakuna anayejiuliza kama amesema sawa. Skrubu inafunguka, kazi inaendelea.

Lakini mashine ikishapona, mambo yanabadilika. Tunaiwekea Linux, kwa kuwa ni ya bure na haichoshi kompyuta za zamani. Programu ile, kabla ya kuuliza saa, kabla ya kuuliza jina la mtumiaji, inauliza swali moja: lugha gani? Kwa Yaya swali hilo lilikuwa la sekunde mbili. Kifaransa, endelea. Siku ya kwanza nilipomwomba asibonyeze, alinitazama kama mtu anayemzuia daktari kufunga kidonda.

Ubishi wetu uliendelea wiki kadhaa, na sikuuona kuwa ubishi mdogo. Mmoja wetu alitaka Kiingereza, akisema ndiyo lugha ambayo mtoto ataikuta kokote katika kazi ya kompyuta. Yaya alishikilia Kifaransa: ndicho cha shule, ndicho cha mtihani, ndicho cha ofisi. Mimi nilisema mtoto wa miaka kumi hawezi kujifunza vitu viwili vigeni kwa mara moja, mashine na lugha ya mashine, na kwamba Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba ya 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Yaya akanijibu kwa swali: “Weye umesikiaka nani mu Lubumbashi anasema *hifadhi*?”

Swali hilo lina uzito, na nalieleza hapa kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba kuweka Kiswahili ndani ya kompyuta ni kubonyeza tu. Kiswahili kimo ndani ya kompyuta kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wanaisimu na mafundi wa kule walifanya kazi ambayo sisi hatujaifanya, na tunapaswa kuwashukuru. Lakini *faili*, *hifadhi*, *hariri*, *nywila* na *kivinjari* ni maneno ambayo mtoto wa Haut-Katanga hajawahi kuyasikia. *Fichier* amelisikia kwa kaka yake; *faili* hapana. Kwake Kiswahili cha kwenye kioo kingekuwa lugha ya kigeni yenye jina la lugha yake.

Tena, orodha za lugha zina mipaka kama ramani. Katika viwango vya ISO 639-3 Kiswahili kina msimbo wa jumla *swa*, na chini yake mna misimbo miwili: *swh*, na *swc* ambao ni wa Kiswahili cha Kongo. Kwa hiyo mahali fulani duniani imekwisha kuandikwa kwamba tupo. Lakini tulipofungua orodha kwenye mashine zetu, tulikuta Kiswahili chenye jina la Kenya na Kiswahili chenye jina la Tanzania. Chetu hatukukiona.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, tulipeleka kompyuta nane za mkononi kwenye shule moja ya msingi kando ya barabara ya Kasenga, ile inayoshuka kuelekea Luapula na ambayo samaki wengi wa mjini hupitia. Tulichagua za mkononi kwa sababu shule haina umeme isipokuwa ule wa jua: sahani mbili juu ya bati la ofisi na betri za volti 12. Kompyuta ya mkononi hula umeme kidogo kuliko ile ya mezani na kioo chake, na hata hivyo tuliweza kuwasha nne tu kwa wakati mmoja. Mashine zilikwenda zikiwa na Kifaransa. Yaya alikuwa ameshinda ubishi, kwa sababu siku ya safari ilifika kabla hatujapatana.

Watoto wa shule ile wanaishi katika lugha tatu. Nyumbani ni Kibemba. Barabarani, kwenye malori ya samaki na sokoni ni Kiswahili. Ubaoni, kuanzia madarasa ya juu, ni Kifaransa. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia, na walimu wa kule hawakuingojea sheria hiyo: jambo lisipoeleweka kwa Kifaransa wanaligeuza Kiswahili, na lisipoeleweka tena wanalishusha kwenye Kibemba.

Siku hiyo tulikuwa na watoto wa darasa la tano, watatu watatu mbele ya kila mashine. Mwalimu wao aliwaambia kila mmoja aandike jina lake na sentensi moja juu ya nyumbani kwao, kwa lugha yoyote. Waliitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano. Vibonye vyenyewe vilikuwa vya namna mbili, AZERTY kwa mashine zilizotoka Ubelgiji na QWERTY kwa zile za Uingereza. Na *a*, vokali inayofunga karibu kila kitenzi chetu, haikai mahali pamoja katika namna hizo mbili. Hata hivyo waliandika. Msichana mmoja aliandika jina lake. Chini ya jina pakatokea mstari mwekundu wenye mawimbi. Akaendelea: *Mama anauzisha samaki.* Mstari mwekundu ukamfuata, neno baada ya neno.

Akaacha kuandika. Akaweka kidole kwenye kioo chini ya jina lake na kumwuliza mwalimu, “Metre, nilikosa wapi?”

Kila msomaji wa jarida hili anajua mstari ule ni nini. Ni programu ya kukagua tahajia, iliyofunguliwa kwa Kifaransa, ikiona maneno yasiyo ya Kifaransa. Kwetu ni jambo dogo; tumezoea kutoliona. Lakini mtoto yule, tangu aanze shule, amejua rangi nyekundu kwa maana moja tu: kalamu ya mwalimu. Na sasa kitu kilichotoka mbali, kilichobebwa kwa gari na kuletwa na watu wa chuo kikuu, kilikuwa kinamwambia kwamba amekosa kuandika jina alilopewa na babu yake.

Tuitazame pia sentensi yake, kwa maana ndani yake mna somo zima la isimu. Kwetu *kuuza* ni kununua. Anayetoa mali na kupokea pesa *anauzisha*. Tuseme basi tungebadilisha Kifaransa kwa Kiswahili sanifu, na kitu au mtu mwenye kalamu ya sanifu akamsahihisha mtoto aandike *Mama anauza samaki*. Dar es Salaam sentensi hiyo ni safi. Barabara ya Kasenga ni uongo: mama anayeamka saa kumi za usiku kwenda kuuzisha samaki amegeuzwa kuwa mteja. Sahihisho lingekuwa limeharibu kitu pekee alichotaka kutuambia.

Nilipokuwa nikimtazama nilikumbuka kitabu tunachokisoma katika idara yetu, *Vocabulaire de la ville d'Elisabethville*, alichokitunga André Yav mwaka 1965 kwa jina la waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini hapa, na ambacho Johannes Fabian alikichapisha pamoja na maelezo mwaka 1990. Ni historia ya mji huu iliyopigwa kwa mashine ya kuandikia, kwa Kiswahili cha wafanyakazi, bila kufuata kanuni ya tahajia ya mtu yeyote. Maneno yanashikana mahali pengine na kuachana pengine. Wataalamu walihitaji kukisoma kwa sauti ili wakielewe. Lakini kimeandikwa, na kimefika mkononi mwetu.

Mashine ya Yav ilikuwa na upole mmoja ambao hatukuutambua mpaka ulipopotea: ilikuwa bubu. Ilipokea kila herufi bila kusema neno. Kompyuta si bubu. Inajibu, inakagua, inapendekeza, inabadilisha neno kabla mwandishi hajamaliza kulifikiri. Kwa anayeandika Kifaransa hiyo ni huduma. Kwa anayeandika lugha ambayo mashine haijafundishwa, ni mtu asiyejua habari anayesimama nyuma ya bega na kutikisa kichwa. Sidhani kwamba Yav angekubali kushindwa na mstari mwekundu. Alikuwa mtu mzima mwenye jambo la kusema. Nawafikiria wale wa miaka kumi.

Kuuondoa mstari ule ni kazi ya vibonye viwili vilivyobanwa pamoja, Shift na F7. Nilivibana. Wekundu ukatoweka, jina likabaki peke yake, na watoto wa mashine za jirani wakapiga kelele nasi tukafanye hivyo kwao pia. Yaya alikuwa amesimama mlangoni na waya mkononi. Hakusema kitu hapo hapo.

Aliyesema ni mwalimu mkuu. Tulimwita Papa, kama inavyofaa, naye alituita wanangu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuambia kwa upole kwamba mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi ni wa Kifaransa, kwamba wazazi wake wanalipa kwa samaki na kwa mahindi ili watoto waupite, na kwamba shule ya kijiji ikiwa na mashine zinazosema Kiswahili wakati zile za mjini zinasema Kifaransa, watu watasema kijiji kimepewa mabaki. “Kalamu nyekundu muniachie,” alisema, “ila muiweke mahali pake.”

Neno hilo la mwisho ndilo lililotupa njia. Katika programu ya kuandikia, kila hati inaweza kubeba lugha yake yenyewe, na mojawapo ya lugha zinazoweza kuchaguliwa ni *hakuna*, yaani usikague kitu. Basi katika kila mashine tuliacha hati mbili tupu za kuanzia. Moja inaitwa *Français*, na ndani yake mstari mwekundu unafanya kazi yake ya haki, kuonyesha tahajia ya Kifaransa kwa mtoto anayejiandaa na mtihani. Nyingine inaitwa *Kiswahili*, na ndani yake mashine inanyamaza. Vibonye vya juu vimebaki kwa Kifaransa, kama Papa alivyotaka. Yaya ndiye aliyetengeneza hati hizo, mashine kwa mashine, mpaka betri za jua zilipokwisha jioni.

Vibonye hivyo vya Kifaransa bado vilihitaji njia ya kuingilia. Siku ya pili nilikaa na watoto na walimu wawili, bila kuwasha kitu, na karatasi ngumu magotini. Sikuwauliza, “*Enregistrer* ni nini kwa Kiswahili?” Neno lenyewe hawalijui, na picha yake kwenye kioo ni ya disketi, kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiona. Niliwauliza: ukiwa na kitu leo, ukakiweka mahali ili kesho ukikute kama ulivyokiacha, umefanya nini? Wakajibu kwa pamoja: *kuchunga*. Mvulana mmoja akaongeza neno la nyumbani: *ukusunga*. Kila mtu katika duara alicheka, kwa kuona maneno hayo mawili yanavyofanana kwa sauti na kwa kazi. *Hifadhi* lingehitaji somo. *Chunga* halikuhitaji.

Tukaenda kwa *kufunga* na *kufungula*. Hapo nilipata furaha ambayo mwanafunzi wa isimu haipati maktabani. Kibemba husema *isala* kwa kufunga na *isula* kwa kufungua. Yule mvulana aliona mwenyewe kwamba *-ul-* ndiyo inayogeuza tendo, na kwamba imo pia katika *fungula* letu. Kiswahili sanifu kimeiangusha ile *l* na kusema *fungua*. Kiswahili cha Lubumbashi, kinachocheka­wa kwa kuharibu sarufi, kinayo bado mdomoni, na kwa sababu hiyo mtoto wa Kibemba anaivuka mto kwa mguu mkavu. Kwenye *souris* tulikwama. Niliposema watu wengine huita kifaa hicho *panya* au *kipanya*, darasa zima lilianguka kwa kicheko: kwao *imbeba* ni kitoweo. Tukaandika *souris*, nalo likabaki hivyo.

Karatasi ile ina safu tatu, Kifaransa, Kiswahili na Kibemba, na mistari isiyofika 20. Tumeinakili kwa mkono, moja kwa kila mashine, na kuifunika kwa plastiki ya uwazi. Hakuna neno ndani yake nililolibuni mimi. Nilichokifanya ni kile tulichofundishwa hapa kitivoni: kuuliza vizuri, kunyamaza, na kuandika kinachosemwa.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kuigawa lugha, kwamba kila bonde litakuwa na Kiswahili chake ndani ya kompyuta yake na hatutaelewana. Nawaelewa, na sipingi Kiswahili bora. Naandika makala hii kwa Kiswahili hicho, au karibu nacho, kwa sababu nataka isomwe hadi Kindu, Bukavu na Kalemie. Lakini mtoto hufika kwenye lugha ya watu wengi akitokea kwenye lugha yake, hafiki huko kwa kuambiwa kwamba ile aliyonayo ni kosa. Anayejua kwamba *kuchunga* ni jambo linaloweza kufanywa na mashine atakutana na *hifadhi* baadaye na kulipokea kama neno la pili. Anayeanza na *hifadhi* bila kulielewa atabonyeza kwa kukariri, na siku picha ya disketi ikibadilishwa hatajua afanye nini.

Kwa hiyo nawajibu sasa wenzangu wanaoniuliza ninatafuta nini kule. Kompyuta iliyosafishwa vumbi, ikabadilishwa betri na kufutwa diski imetengenezwa nusu. Nusu ya pili ni kuamua itamsemesha nani, kwa maneno ya nani, na itanyamaza wapi. Wenzetu wa ufundi hawakufundishwa kuiona nusu hiyo. Sisi tumefundishwa, miaka mitatu au mitano, na mara nyingi tunaimalizia elimu yetu kwenye kazi za mwisho wa mwaka ambazo zinakwenda rafuni. Kitivo chetu kina wasemaji wa Kiluba, Kisanga, Kilamba, Kibemba, Kirund, Kihemba na lugha nyingine nyingi. Sijui ofisi yoyote ya kompyuta mjini hapa yenye utajiri huo.

Siku hizi Yaya, kabla ya kuwasha mashine ya kwanza ya shehena mpya, anauliza inakwenda wapi na kule wanasema nini. Mashine zilizo mezani sasa ni 11. Zinakwenda kwenye shule mbili upande wa Likasi, kwa watu wa Kisanga, na safu ya tatu ya karatasi yao bado ni tupu. Mimi Kisanga nakisikia kidogo tu, siwezi kuuliza maswali kwa lugha hiyo. Tunamhitaji mwenzetu anayeizungumza tangu utoto. Chumba kinafunguliwa Jumamosi saa tatu za asubuhi. Kama umeme umekatika, tunafanya kazi uani.